Malkia Aliyenyooshwa Macho

Ndugu wasomaji, jioni ile nyumba ya fundi mabango ilikuwa imetulia. Mama alikuwa akikunja nguo, redio ikinong'ona, na binti yao wa darasa la mwisho ameinama mezani akimalizia picha. Shule ilikuwa imewaagiza wanafunzi wachague mtu wa historia, wamchore kwa mtindo wa mchoraji waliyemsoma. Mshindi angepata nafasi moja tu iliyotolewa na chuo cha sanaa.

Binti alimchagua malkia wa kale aliyekesha siku tatu akilinda mji wake. Kwa mtindo wa mchoraji wake wa nyuso zilizopinda, jicho moja alilichora kubwa, jingine dogo, limezama kwa uchovu. Mama alipouliza, akajibiwa kwamba mtu asiyelala hawezi kuwa na macho sawa.

Asubuhi, binti alipokwenda kuoga, fundi akaiona picha. Alikuwa hodari huyu bwana. Hakuna bango lake mjini lililopinda hata herufi moja. Roho ikamuuma. Watu watasema fundi mzima amezaa mtoto asiyejua kunyoosha mstari! Akashika brashi. Jicho lililonyooshwa likadai na shavu linyooshwe, shavu likadai pua, hata malkia akawa mrembo kama tangazo la sabuni. Alipomaliza, mkono wake, kwa mazoea ya miaka ishirini, ukatia pembeni alama yake ya kazi: nyota ndogo yenye mkia.

Binti akarudi, akasimama mlangoni na taulo begani.

"Baba, umemfanya nini?"

"Nimekusaidia, mwanangu. Utanishukuru."

Mashindano yalikuwa asubuhi hiyo hiyo, muda wa kuchora upya haukuwapo. Akaibeba hivyo hivyo, rangi mbichi.

Ukumbini, waamuzi watatu walipita picha baada ya picha. Mkuu wao aliinamia ile ya malkia, akaitazama alama ya pembeni, kisha akatupa jicho dirishani, kwenye bango la shule lililo getini. Nyota ile ile.

"Binti," akauliza kwa upole, "picha hii ni yako?"

Fundi alikuwa ameketi mstari wa mbele, na nyuma yake wateja wake. Mmoja wao, kinyozi, akamnong'oneza kwa utani kwamba hata yeye nyota hiyo anayo kwenye bango la mlangoni pake. Lilihitajika neno moja tu la fundi. Aibu, ndugu zangu, ni gundi ya ulimi.

Binti alimtazama baba yake, akasubiri. Kisha akasema, "Si yangu."

Hakumtaja mtu. Ukumbi ukaguna, na sauti moja ikasikika ikisema mwizi.

Hapo ndipo fundi alipoinuka, akaeleza yote. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akasema hawezi kuhukumu picha iliyofunikwa kwa rangi ya mtu mwingine. Nafasi ikaenda kwa mwingine.

Njiani fundi aliomba msamaha. Walipofika kona ya nyumbani, binti akamgeukia.

"Kupaka rangi nimekusamehe, baba. Kuniacha niitwe mwizi, hilo bado."

Funzo

Wazazi wenzangu, kazi ya mtoto ikipinda, iacheni ipinde kwa mkono wake. Msaada usioombwa mara nyingi ni kiburi chetu kilichovaa nguo za huruma. Na ukikosea, sema papo hapo. Ukweli uliochelewa humpa nafuu anayeusema. Aliyeusubiri amekwisha kuumia.