Nyundo ya Mama Dirisha

Kila Alhamisi mchana nyumba yetu ilikuwa na pilikapilika kama ya harusi. Mimi nilifagia na kuazima viti kwa jirani. Binti yangu, tuliyemwita Kijino kwa sababu ya jino lake la mbele lililochomoza peke yake, alipanga ndala za wageni mlangoni. Mama mkwe alipiga pasi sare yake.

Sare hiyo kila mtu katika jimbo letu la kanisa anaijua. Ni kitenge cha buluu, na mgongoni kimechapwa dirisha lililo wazi. Ni sare ya Umoja wa Akina Mama. Na mama mkwe hakuwa mwanachama wa hivi hivi. Alikuwa Mfungua Dirisha wa jimbo zima. Hata sokoni walimwita Mama Dirisha, na akiitwa hivyo shingo yake ilirefuka.

Cheo hicho kina kazi yake. Katika mikutano mikubwa, kabla mchungaji hajasema neno, Mama Dirisha huletewa nyundo. Ni nyundo ndogo, yenye makucha ya kung'olea misumari, iliyopakwa rangi ya fedha. Hulazwa juu ya mto wenye lesi, kama mtoto mchanga. Mama Dirisha huigusa fremu ya dirisha la ukumbi kwa nyundo hiyo, kisha hulifungua. Akina mama hupiga vigelegele. Halafu yeye husimulia historia ya Umoja, kwa kichwa, bila kukosea neno.

"Mama, nyundo ya nini?" nilimuuliza nilipokuwa bado bibi harusi.

"Nyundo ni imani," alinijibu. "Dirisha ni moyo. Mbona maswali mengi kama karani wa mahakama?"

Nikashika ufagio. Nilikuwa mgeni katika nyumba ile.

Lakini Alhamisi hizo ninazozieleza, akina mama hawakuja kwa sherehe. Walikuja kumwombea wifi yangu, dada wa mume wangu.

Wifi alikuwa fundi cherehani. Sare nyingi za akina mama wale alizishona yeye. Alianza kukohoa mvua zilipoanza. Mvua zikaisha, kikohozi kikabaki. Jioni alishikwa na homa. Asubuhi nilianika shuka zake zimelowa jasho. Magauni aliyojishonea mwenyewe yakawa yanamning'inia kama yametundikwa kwenye henga ya nguo.

Chumba chake kilikuwa cha mbele, kinatazama barabara. Ndani mlikuwa na kitanda, cherehani, kapu la vipande vya nguo na dirisha moja. Kikohozi kilipozidi, mama mkwe alilipigilia dirisha lile misumari.

"Wapita njia wakisikia, watasema mtoto wa Mama Dirisha ana ugonjwa wa aibu," alisema. "Tena upepo unampiga kifua."

Humo ndimo Kijino alimolala, kitanda kimoja na shangazi yake. Alimpenda kuliko pipi. Alimtungia uzi kwenye sindano, na shangazi akamlipa kwa hadithi.

Siku moja akina mama walijaa mle chumbani mpaka wengine wakakaa juu ya kapu. Mlango ukafungwa ili sauti isitoke. Joto likapanda. Niliingia na chai, nikasimama nyuma yao. Niliona migongo yao. Kila mgongo ulikuwa na dirisha lililo wazi. Dirisha la kweli lilikuwa na misumari.

Wifi akanikonyeza. "Wifi, hawa wamekuja kuniombea au kunimalizia hewa?"

"Mgonjwa hana utani," akasema Mbeba Mto. Huyo ndiye mama aliyekuwa akibeba ule mto wa nyundo, na alikaa karibu kabisa na kichwa cha wifi.

"Mimi nimewapima viuno nyote," wifi akajibu. "Najua nani aliniomba nimwongezee nafasi kwa siri. Niacheni niongee."

Wakacheka. Naye akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Alikohoa mpaka akainama. Akafuta mdomo kwa kipande cha kitambaa, akakikunja haraka. Lakini mimi niliiona damu.

Nilimfuata mama mkwe jikoni. "Mama, wifi anatema damu. Tumpeleke zahanati."

"Wakampime nini? Ni kifua cha baridi hicho. Umoja mzima unamwombea, wewe unataka tuonekane hatuna imani?"

"Basi walau tufungue dirisha. Na Kijino alale kwangu."

Hapo akapaza sauti, wote wasikie. "Jamani, mnamsikia mkamwana wangu? Anamnyanyapaa wifi yake! Anamkimbia mgonjwa!"

Mlango wa chumba ukafunguliwa, wakanigeukia wote. Mume wangu ni dereva wa malori, na siku hizo alikuwa safarini. Nilimpigia simu. "Msikilize mama," alisema. "Nikirudi tutaongea." Nami nilitaka kujibu, ila simu ilikuwa imekatika.

Kijino akaendelea kulala kwa shangazi yake.

Haukupita muda, Kijino akaacha kupanga ndala. Alikaa kwenye ngazi ya mlango akiwatazama wenzake wakicheza. Jioni mwili ulichemka. Chakula alikisukuma. Siku moja nikimwogesha, mkono wangu ukagusa uvimbe shingoni, chini ya sikio. Safari hii sikumuuliza mtu. Nilimfunga mgongoni, nikatokea mlango wa nyuma.

Zahanati nilimkuta nesi mwenye sauti nzito na macho ya huruma. Alimpima Kijino uzito, akamshika shingo, akaniuliza, "Nyumbani kuna mtu anayekohoa?"

"Wifi yangu."

"Amekohoa wiki mbili au zaidi?"

"Nesi, amekohoa msimu mzima."

Aliweka kalamu chini. "Homa ya jioni? Jasho usiku? Kukonda?"

Kila alichotaja nilikitikisia kichwa. Nilianza kulia kabla hajamaliza.

"Mama, futa machozi unisikilize," alisema. "Hii inaelekea kuwa kifua kikuu. Tutawapima wote wawili ili tuwe na uhakika. Kama ndicho, kina dawa, na kinapona. Lakini mwenye kukohoa akikaa chumba kisicho na hewa, vijidudu vinabaki hewani, na wenzake wanavivuta. Si vijiko. Si vikombe. Si kushikana mikono. Ni hewa. Chumba chake kina dirisha?"

Nilisema, "Lina misumari."

Alikuja nyumbani siku ile ile. Kama ilivyo bahati yangu, ilikuwa Alhamisi, na Mbeba Mto alikuwa amewahi.

"Shikamoo mama," nesi alimwamkia mama mkwe. "Naomba dirisha hili lifunguliwe."

"Marahaba. Halifunguliwi."

"Mama, hewa na mwanga wa jua—"

"Unajua unaongea na nani wewe?" Mama mkwe aliinuka. "Umoja wetu umehudumia wagonjwa kabla zahanati yako haijawekewa tofali la kwanza!"

Nesi hakukasirika. "Basi nifundishe, mama. Waliwahudumiaje?"

Loo, hapo alimgusa panapowasha. Mama mkwe alijinyoosha, akakunja mikono kifuani, akaanza kusimulia kama vile yuko ukumbini.

"Zamani, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, kikohozi kilikuwa kinamaliza watu. Vyumba vilikuwa vidogo. Madirisha yalipigiliwa misumari, kuzuia baridi na macho ya watu. Ndugu waliwakimbia ndugu zao. Ndipo wafua nguo wachache wa kanisa letu wakaungana, wanawake wasio na cheo. Mmoja alibeba maji, mmoja alibeba chakula, mmoja alibeba nyundo. Walipofika kwa mgonjwa, walifungua dirisha kwanza, ndipo wakasalimia."

"Hebu rudia hapo, mama," nesi alisema taratibu.

"Walifungua dirisha kwanza..." Mama mkwe akasimama hapo.

Kitandani wifi alikuwa anapumua kwa sauti, kama mtu anayepanda mlima.

"Na hiyo nyundo ilikuwa ya nini?" nesi akauliza.

Mbeba Mto alitazama sakafu. Maneno yale akina mama wa Umoja waliyasikia kila mwaka. Waliyapigia vigelegele. Waliyavaa migongoni.

Mama mkwe alitoka. Tulisikia kabati la vioo la sebuleni, ilimotunzwa nyundo ya Umoja, likifunguliwa. Alirudi na nyundo mkononi, bila mto. Akatia makucha chini ya kichwa cha msumari wa kwanza, akavuta. Rangi ya fedha ikabanduka vipande vipande, chini yake kukaonekana chuma chenye kutu.

"Polepole, mama," wifi alisema kitandani. "Utaharibu nyundo ya jimbo."

Mama mkwe hakucheka. Alivuta misumari yote, akisukuma kwa bega, mpaka dirisha likaachia. Mwanga ukaingia, na kelele za barabara, na vumbi. Wifi akafumba macho, akauelekeza uso wake kwenye upepo.

Vipimo vilitoa jibu. Wifi alikuwa na kifua kikuu cha mapafu. Kijino alikuwa nacho cha tezi za shingo. Wote walianzishiwa dawa. Nesi alitueleza kwamba dawa ni za miezi sita, kila siku, na mtu akijiona mzima asiache katikati. Alisema mgonjwa hatengwi. Akae penye hewa, azibe mdomo anapokohoa, na kila aliyeishi naye apimwe. Watoto wadogo wasio wagonjwa nao wapewe dawa za kinga. Mimi na mama mkwe tulipimwa, tukakutwa salama. Mbeba Mto alipimwa, naye akakutwa nacho. Hakuwa peke yake katika Umoja.

Kijino alipona. Uvimbe uliisha, mashavu yakarudi, na meno mengine yakaota. Leo ukimwita Kijino anakasirika.

Wifi hakupona. Dawa alizimeza, hata siku ambazo koo lilikataa. Lakini nesi alisema mapafu yalikuwa yameharibika sana. Kabla hajafa aliniita, akaniambia, "Wifi, mkasi wangu mpe Kijino. Na ule mto wa lesi ufumueni, kitambaa chake ni kizuri, kinatosha gauni la mtoto." Nilicheka, nikatoka nje kulia.

Mume wangu alirudi kuzika. Ile "tutaongea" yake hatujaiongea mpaka leo.

Mwaka ule, kwenye mkutano mkuu wa jimbo, mama mkwe aliitwa mbele. Alikataa mto. Alibeba nyundo mkononi, na hakuruhusu ipakwe rangi upya. Alisimulia historia ya Umoja mpaka pale wafua nguo walipofungua dirisha kwanza, ndipo wakasalimia. Kwa kawaida historia huishia hapo. Yeye akaendelea.

"Miaka mingi baadaye, mtoto wa Mfungua Dirisha aliugua kikohozi. Mama yake akapigilia misumari. Akina mama wakakaa ndani wakaimba. Hilo nalo ni historia yetu. Atakayepokea cheo hiki akariri na hilo."

Hakupigiwa vigelegele.

Tangu siku ile Umoja umebadilika, na huo ndio ukweli. Akina mama wakisikia kuna mtu anakohoa wiki mbili, kwanza humsindikiza zahanati. Wakienda kumwona, hufungua madirisha kabla ya kusalimia, na wimbo huimbiwa uani, penye upepo. Mbeba Mto alimaliza dawa zake, sasa ndiye anayepita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha wengine wasiache zao. Wamepona wengi. Mchungaji anausifu Umoja kila penye nafasi. Mimi nikisikia sifa hizo sipigi vigelegele, kwa sababu aliyezishona sare hayupo kuzisikia.

Ninaandika kwa ajili yako mama mwenye mtoto. Usingoje ruhusa ya ukoo mzima. Kikohozi cha wiki mbili kipeleke kikapimwe. Na kabla hujageuza ukurasa, angalia chumba anacholala mwanao. Inuka, ufungue dirisha.

Chumba cha wifi kiko vile vile. Mimi na mama mkwe tunasalimiana, tunapika pamoja, na mengine hatuyagusi. Vumbi la barabara huingia, hukaa juu ya cherehani. Mama mkwe hulifuta kila asubuhi. Jirani mmoja alimshauri alifunge tu lile dirisha, apumzike na kazi hiyo ya kufuta.

Mama mkwe alikung'uta kitambaa chake nje ya dirisha, akaendelea kufuta.