Video ya Baba Ilibaki Bila Sauti

Nina miaka thelathini na minne, naishi commune ya Kenya, si ile nchi bali mtaa wa hapa Lubumbashi, na kazi yangu ni kupiga video za ndoa. Sokoni hakuna anayeniweza. Gunia la samaki wa Pweto nalifungua mpaka chini kabla ya kutaja bei, maana juu wanapanga wakubwa, chini wanaficha vumbi. Lishikeni akilini gunia hilo...

Baba alipougua, alijua ukoo wake utamtoa mama nyumbani. Akaketi mbele ya kamera yangu, akasema wazi: nyumba aliijenga pamoja na mama, ibaki ya mama. Akakohoa, akarudia. Wiki mbili baadaye tukamzika.

Baba Mukubwa, kaka yake, akafika kutoka Kasenga na watu wanne. Alisema hana ugomvi. Neno la marehemu ataliheshimu, mradi alisikie kutoka kinywani mwake mwenyewe. Tukapanga Jumapili, sebuleni kwetu.

Televisheni yetu haikukubali faili za kamera, ilitaka faili za aina ya MP4. Nikazigeuza dukani kwangu kwa programu ya bure ya kompyuta. Kamera ilikuwa imemkata Baba vipande saba. Nikahesabu faili mpya: saba. Nikahesabu tena... saba! Nikafungua cha kwanza: picha safi, midomo inacheza. Sauti sikuisikia, lakini nani anasikia kitu dukani kwangu, ukuta mmoja na spika za kanisa? Nikazitia kwenye fleshi, nikafuta kadi ya kamera, nikapigia ndoa nyingine juu yake. Baba mmoja, faili za mara mbili za nini?

Jumapili Baba akatokea kwenye kioo cha televisheni. Akafungua mdomo. Kimya...

Nikapandisha sauti mpaka mwisho. Nikachomoa fleshi, nikairudisha. Mlango ulikuwa nyuma yao; mimi nilibanwa kati ya televisheni na ukoo mzima.

"Mutoto yangu," Baba Mukubwa akasema polepole, "shiye hatusikie kintu."

Nikayasema maneno ya Baba kwa mdomo wangu. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama marehemu aliongea na kamera au na mimi. Wenzake wakacheka.

Kumbe MP4 ni gunia tu! Ndani yake picha imefungwa kwa namna yake, sauti kwa namna yake. Namna hiyo wenye kazi wanaiita kodeki. Programu yangu iliijua ya picha. Ya sauti haikuijua, ikaiacha nje bila kuniambia. Na mimi, fundi wa kufungua magunia, nilihesabu magunia!

Nyumba wakaichukua. Leo mama na mimi tumepanga chumba kimoja, barabara ileile. Kila tukienda sokoni tunapita mbele ya nyumba yetu.

Ndugu wasomaji, nawasihi: faili ile ya kwanza msiifute mpaka muisikilize hii mpya hadi mwisho, kwa masikio yenu, mahali penye utulivu. Jina la faili halisemi kilichomo.

Mama huiweka video ile kila Jumapili. Nilimwomba niifute, inaniua.

"Wacha, mutoto yangu," alisema. "Miye niko namusikia."

Basi naketi kando yake, nahesabu mara ambazo Baba anafungua mdomo. Halafu nahesabu tena.