Mlango wa Namba Kumi na Nne

Kila Septemba jengo letu hapa mjini Sliven hunukia pilipili hoho za kuchoma. Mke wangu, Stoyna, huchoma na kumenya. Mimi hufunga vifuniko. Mwaka ule tulijaza chupa mia mbili za achari.

Tunaishi ghorofa ya tano, namba kumi na tano. Jirani yetu wa kumi na nne alipohama, tuliinunua nyumba yake. Nikatoboa ukuta kwa mikono yangu, zikawa nyumba moja. Mlango wake wa zamani nikauziba kwa rafu ya chupa. Chumba cha upande huo akapewa mama mkwe wangu, Mama Rada, mwenye miaka themanini na tisa. Miguu yake imegoma, ulimi haujagoma.

Siku moja alikuja askari wa zimamoto kukagua jengo, jina lake Milena. Mimi ndiye mwenyekiti wa wakazi, basi nikamtolea mchoro wa jengo wa mwaka 1974. Nimeutunza, haujakunjika hata ncha.

"Mzuri," alisema. "Tuupitie pamoja."

Tulianzia chini. Mchoro ulionyesha mlango wa uani. Sisi tulikuta ukuta, na mapipa ya kabichi ya jirani yetu Gancho.

"Mlango uko wapi, Mzee Kuncho?"

"Tuliuziba. Ulikuwa unaingiza baridi."

Tulipofika kwangu aliuliza, "Nani hapa hawezi kutembea?"

"Mama mkwe. Yuko kumi na nne."

"Wenzangu wakivunja mlango wa kumi na nne, watakuta nini?"

Stoyna akajibu, "Achari."

"Moshi hausubiri mtu ahamishe chupa, mama."

"Binti, jengo hili nalijua nje ndani," nilisema. "Nitawaonyesha njia mwenyewe."

"Na kama uko sokoni?"

Mama Rada alipaza sauti kutoka kitandani: "Huyo? Miwani yake tu anaitafuta kutwa nzima!"

Milena alicheka, kisha akatueleza. Ramani ya zimamoto huonyesha jengo lilivyo leo, si lilivyojengwa. Huonyesha ngazi, swichi kuu ya umeme, koki ya gesi na milango iliyozibwa. Huonyesha pia chumba anacholala mtu asiyeweza kutoka mwenyewe. Nakala moja hukaa kituoni. Nyingine hukaa kwenye kisanduku langoni, na ufunguo wanao zimamoto.

Tulipima siku mbili, ghorofa kwa ghorofa.

"Rafu nitaiondoa achari ikiisha," nilimwambia.

"Basi kwa sasa naandika: hapapitiki," alisema.

Januari, saa nne asubuhi, Stoyna na mimi tulikuwa sokoni. Gancho, anayekaa chini yetu, alikuwa ameanika soksi juu ya hita. Zikashika moto, na moshi ukapanda kwetu. Tuliliona gari jekundu tukiwa mbali. Tukakimbia.

"Mama yumo kumi na nne!" nilipiga kelele. "Lakini piteni kumi na tano!"

"Tumeshapita, mzee," alisema Milena. "Kumi na tano, mkono wa kushoto, chumba cha mwisho. Dakika nne tu."

Mama Rada alikuwa ndani ya gari la wagonjwa, amefunikwa blanketi, anawagombeza vijana waliombeba.

"Mmenibeba mimi, meno yangu mmeyaacha! Nitakulaje?"

Stoyna alimkumbatia, akawa analia na kucheka.

Siku ile sikungoja achari iishe. Gancho alikuja, ameinamisha kichwa kwa aibu, tukahamisha chupa zote zilizobaki, mia na ushei. Mlango wa kumi na nne ukafunguka. Wiki iliyofuata tulibomoa ukuta wa uani. Mapipa ya kabichi yakahamia kwa Gancho mwenyewe.

Milena akaleta ramani mpya. Mama Rada aliishika karibu na pua, akaweka kidole kwenye alama nyekundu.

"Hiki kidoa ndicho mimi?"

"Ndiyo, mama," alisema Milena.

"Kikuzeni kidogo. Vijana wasije wakanipita."