Joho la Bikira

Jumanne. Chumba cha nyuma, Walthamstow.

Asad alifunga duka lake la vitambaa, akatandaza picha juu ya majora. Malaika amepiga goti. Mbele yake Bikira Maria, ndani ya joho la buluu. Mchoro wenyewe ulikuwa wa ukutani, wa Italia, umri wake miaka mia tano. Tajiri mmoja aliununua na ukuta wake, akaujengea kanisa dogo la masista huko Lewisham. Masista walishahama. Wiki ijayo jengo lingeanza kugeuzwa nyumba za kupanga.

"Tunaingia mchana, na vizibao vya high-vis na ngazi," alisema Asad. "Nani London anomuuliza fundi? Mumbi atakaa kwenye van, usukanini. Philippe, wewe ndo kazi yenyewe."

Philippe, fundi wa michoro ya kale, alikuwa hoi kabla ya kuanza. Magoti yalimuuma. Jela ilishamla miaka minne. Kila Jumamosi alimpeleka mkewe, Émilienne, hospitali kusafishwa damu, na akikamatwa tena mama yule hana mtu. Lakini chumba walichokaa kilikuwa cha Asad. Kumkatalia Asad ni kulala nje.

"Walipaka rangi chokaa ikiwa mbichi," alisema. "Kila siku kipande yake. Rangi ikakunywewa na ukuta. Tutabandika kitambaa na gundi ya ngozi. Ikikauka tunavuta, rangi inakuya yote. Lakini kwanza nitapima."

Alhamisi. Kanisani.

Fundi wa michoro hupima kwa mate. Unalowesha pamba mdomoni, unasugua kidogo. Pamba ikibaki safi, rangi imezama. Ikichafuka, ilipakwa juu ya ukuta mkavu, na gundi itaimaliza.

Akapima bawa la malaika. Safi. Akapima sakafu iliyochorwa, akapima ua mkononi mwa malaika. Safi. Akainua pamba hadi kwenye joho la Bikira, mkono ukamgomea. Mama yake, kule Bukavu, alikuwa akimnawisha uso kabla ya kumruhusu hata kuibusu sanamu ya Maria. Philippe akaitia pamba mfukoni, akaanza kupaka gundi.

Ijumaa. Baada ya swala.

Asad alirudi kutoka msikitini ananukia udi, akashika pembe ya kitambaa cha kwanza. Wakavuta. Malaika akatoka mzima, bawa na goti. Asad akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kitambaa cha pili kikaja na uso wa Bikira, kikaja na mikono. Joho likaja tope. Uji wa buluu uliomegeka na kumwagika sakafuni.

Buluu ile haipatani na chokaa. Wachoraji wa zamani waliipaka mwisho kabisa, ukuta ukishakauka. Philippe alilijua hilo tangu ujana wake.

"Hukupima?"

"Nilipima malaika."

"Na Bi Maryamu?"

"Siwezi mupaka Mama mate, Asad."

Asad alipangusa buluu viatuni. Alimtazama tu mzee wa watu kwa huruma na hasira pamoja. Simu ikalia. Ni Mumbi, kutoka kwenye van.

"Boss, security amekataa story yetu. Ameita karao, polisi wako njiani. Tokeni saa hii!"

Asad akamkunja malaika kwapani, akakimbia. Philippe akashuka ngazi, goti moja kisha jingine.

"Ningojee!"

"Polisi wakikuta mtu humu, hawatotufukuza kwa pupa," Asad alisema mlangoni. "Nisamehe, Philippe."

Komeo likagonga kwa nje. Van ikaondoka.

Philippe alisukuma mlango mara moja. Alikaa kwenye benchi, akampigia mkewe.

"Kesho usiningoje, chérie. Uombe jirani yetu Thérèse akusindikize."

"Uko wapi?"

"Kanisani."

"Leo Ijumaa?" Émilienne alifurahi. Ni miaka mingi alikuwa akimsihi arudi kusali. "Basi uniombee, papa. Leo mwili unauma sana."

Ving'ora vilikuwa vimeshaingia uani. Philippe akasema sawa, atamwombea, na akakata simu kabla hawajaanza kugonga mlango.