Tangawizi ya Siku ya Ubatizo

Kila Jumamosi, kabla jua halijawa kali, Aurélie alichota maji, akafagia ua, kisha akaosha kinu cha shangazi yake. Shangazi huyo aliitwa Emilienne, lakini Aurélie alimwita Tantine, kama watoto wa Kongo wanavyowaita shangazi zao. Walikuwa wamevuka Ziwa Mweru kutoka Pweto mwaka uliotangulia, vita vilipokaribia. Sasa walipanga nyumba karibu na bandari ya Kashikishi, upande wa Zambia, Tantine akiuza vitenge sokoni.

Lakini kilichomfanya Tantine ajulikane mtaani hakikuwa vitenge. Kilikuwa tangawizi ya Wamali! Ufundi wake aliupata Lubumbashi, kwa majirani waliotoka Mali, nchi ya mbali huko Afrika Magharibi. Tangawizi mbichi hutwangwa pamoja na nanasi, ikatiwa maji yaliyochemshwa na kupoa, karafuu, ndimu, sukari na pilipili moja iliyoiva. Kisha huchujwa kwa kitambaa safi na kuachwa ilale ikolee. Ukinywa, utamu unatangulia, moto unafuata. Machozi yanakutoka, na bado utaomba kikombe cha pili.

Wiki hiyo palikuwa na shughuli kubwa. Jumapili, mtoto mchanga wa Tantine, Parfait, angebatizwa.

"Aurélie, umekuwa mkubwa sasa," Tantine alisema. "Tangawizi ya ubatizo utaitengeneza wewe. Mimi nitashughulika na kusonga bukari na kupika samaki. Usiniaibishe mbele ya watu, sawa?"

"Sitakuaibisha, Tantine!" Aurélie alijibu, furaha imemjaa tele.

Furaha hiyo, hata hivyo, ilikuwa na kasoro. Ndoo nyeupe yenye kifuniko, ile ya vinywaji peke yake, ilikuwa imepasuka. Tantine alikuwa amemkataza mara nyingi asiikalie. Jana yake Aurélie aliikalia ufukweni akipiga soga na wenzake, ikalia kra! Akairudisha nyumbani kimyakimya, akaiegemeza ukutani, upande wenye ufa ukautazama ukuta.

Sasa tangawizi angeiweka wapi? Kusema ukweli hakutaka, maana alimjua Tantine kwa kugomba. Akazunguka nyuma ya nyumba hadi kibanda cha Ba Chalwe, mwenye nyumba wao, mchuuzi wa samaki wakavu. Mlango haukufungwa. Kati ya magunia ya samaki palikuwa na dumu tupu la njano, mfano wa yale ya mafuta ya kupikia. Kwenye mshikio wake palikuwa pamefungwa kitambaa chekundu.

Kitambaa kilikuwa kichafu, naye akakifungua na kukitupa. Akatia mchanga na maji ndani ya dumu, akalitikisa hadi mikono ikamuuma, akalisuuza na kulisuuza tena. Harufu kidogo ilibaki. "Tangawizi itaimaliza," alijiambia. Lo, mtoto huyu! Pua yake ilimwonya, naye akaipuuza.

Jumapili wageni wakarudi kutoka kanisani wakiimba, Wakongo na wenyeji Wabemba pamoja, ua ukajaa. Jikoni, Aurélie aliimimina tangawizi kutoka kwenye dumu ilimolala usiku kucha hadi kwenye majagi. Jessica, binti wa Ba Chalwe wa miaka mitano, alikuwa amemganda toka asubuhi.

"Mimi kwanza! Mimi kwanza!"

Aurélie akacheka, akampa nusu kikombe. Jessica akagugumia, akakunja uso. "Inawasha!"

"Ndiyo tangawizi yenyewe hiyo!" mgeni mmoja akamtania, na watu wakacheka. Jessica akaenda kukaa ukutani na mwanasesere wake.

Vikombe vikagawiwa kwa wageni wote. Chakula kilikuwa bado jikoni. Katekista akasimama kuomba, na kama kawaida yake sala ilikuwa ndefu. Hakuna aliyethubutu kunywa kabla ya amina.

Katikati ya sala Ba Chalwe akamtupia jicho binti yake. Mwanasesere wake alikuwa amefungwa kilemba chekundu. Ba Chalwe akashtuka.

"Jessica! Kitambaa hiki umekitoa wapi?"

"Nimekiokota nje."

"Samahani, katekista," Ba Chalwe alisema, akinyanyuka. "Nani ameingia kibandani mwangu? Kitambaa hiki nilikifunga kwenye dumu la dawa ya wadudu. Kila mutu wa bandarini anajua: kitambaa chekundu ni sumu, hakiguswi!"

Aurélie akageuka kutazama mlango wa jikoni. Kila mtu wa bandarini! Yeye alikuwa mgeni wa bandari, mtoto wa wauza vitenge, na hakuna aliyewahi kumweleza habari ya vitambaa. Wageni waliona majagi tu. Dumu lilikuwa jikoni, na aliyelijua alikuwa yeye peke yake.

"Tutamtafuta baadaye," katekista alisema. "Amina."

"Amina!"

Vikombe vikainuliwa. Tantine naye, Parfait akiwa mapajani, akakiinua chake. Aurélie alitaka kusema. Aibu! Mbele ya watu wote hawa! Kikombe cha Tantine kikagusa mdomo.

"Musinywe!" Sauti ilimtoka kama si yake. "Musinywe, ni sumu! Tangawizi niliitia ndani ya dumu hilo! Ni mimi nililichukua!"

"Mayo!" mama mmoja alipiga ukunga. Vikombe vikaanguka, tangawizi ikamwagika miguuni pa watu. Tantine alimtazama Aurélie kana kwamba hamjui.

"Nani ameshakunywa?" Ba Chalwe aliuliza.

Aurélie alinyoosha kidole ukutani. Jessica alikuwa ameinama, jasho likimtiririka, mate yakimchuruzika. Kumbe haukuwa ukali wa tangawizi peke yake!

Ba Chalwe akamnyakua binti yake na kukimbilia gari la samaki lililosimama barabarani. "Lete dumu!" Tantine alifoka, akamwachia jirani Parfait, naye na Aurélie wakapanda nalo.

Hospitalini muuguzi aliuliza, "Amekunywa nini? Kiasi gani?" Ba Chalwe alilia tu. Aurélie alieleza yote: dumu, kitambaa, nusu kikombe, na muda uliopita. Muuguzi akanusa mdomo wa dumu, akaita daktari, wakampeleka Jessica ndani haraka kuchomwa sindano.

Walingoja kwenye benchi. Hatimaye muuguzi akatoka.

"Anapumua vizuri. Anamtaka mwanasesere wake." Kisha akamgeukia Ba Chalwe. "Bila maneno ya msichana huyu, tungebahatisha tu. Lakini dawa hii wewe unaitumia kwa nini?"

Ba Chalwe akatazama sakafu. "Napulizia samaki wakavu, wadudu wasiwatoboe."

"Samaki wanaoliwa na watu?"

Tantine akasimama wima. "Ba Chalwe! Na hawa ulioniuzia wa ubatizo?"

"Hata hao," alijibu kwa sauti ndogo. "Tafadhali, watu wasiwale."

Ee Mungu wangu! Tantine akamtuma dereva mbio nyumbani kuwazuia wageni, kisha akaketi. Ndipo Aurélie, akilia kwa kwikwi, alipomweleza habari ya ndoo.

"Ndoo!" Tantine alisema. "Kwa ndoo ningekugombeza hadi jioni, na kesho tungenunua nyingine. Jessica je, tungemnunua wapi?"

Aurélie alilia zaidi. Tantine akamvuta karibu. "Ulipokosea, ulificha, na kuficha nusura kutuue. Uliposema, tulipona. Basi hilo ndilo la kushika, mwanangu: kosa liseme likiwa bado dogo. Na chombo usichokijua, uliza."

"Mutoto huyu amesema lake mbele ya watu wote," Ba Chalwe akasema taratibu. "Mimi langu nimelifunga ndani ya magunia miaka yote, hadi limempata binti yangu."

Kesho yake aliyatoa magunia yote na dawa iliyobaki, akavikabidhi kwa maafisa wa afya viteketezwe. Tangu hapo samaki wake aliwatia chumvi na kuwakausha kwa moshi tu.

Tantine naye alinunua ndoo mpya nyeupe, akampa Aurélie atengeneze tangawizi ya kumkaribisha Jessica nyumbani.

"Usiikalie," alimwambia. "Lakini ukiipasua, nipigie kelele ileile ya siku ya ubatizo. Nitakuja mbio."