Maziwa Yapite Kwanza

Kila alfajiri Mabula wa Mwandoya hukamua ng'ombe. Mkewe, Mektilda, huchuja maziwa na kuyamimina kwenye dumu. Kisha Masunga, kijana wa bodaboda, hulifunga dumu kwenye pikipiki na kulipeleka Mwanhuzi, kwa Winnie mwenye mgahawa. Maziwa hayo ndiyo yanayomsomesha binti yao, Kabula.

Siku moja Winnie alipiga simu.

"Mzee Mabula, maziwa yamechacha tena. Yakichacha mara nyingine, nitatafuta mtu mwingine."

Mabula alikosa raha kabisa.

"Kuna mtu ametutupia jicho baya," alimwambia mkewe. "Niende kwa mganga."

Kabula alikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo. Akasema, "Baba, kabla ya mganga, niruhusu nifuatane na maziwa."

"Si ndiko kusomea kubeba mizigo huko?" Mabula alimtania.

"Nasomea usafirishaji na ugavi, baba. Ni kazi ya kuhakikisha mzigo unafika kwa wakati, ukiwa mzima."

"Haya, nenda."

Kesho yake Kabula alipanda nyuma ya Masunga. Walikwenda vizuri mpaka kwa mzee Maduhu, baba mkwe wa Mabula. Hapo Masunga akasimama.

"Mwangaluka, babu!"

"Mwangaluka mhola!"

Salamu zikaanza. Ng'ombe wazima? Mvua je? Na watoto? Uji ukaletwa. Dumu likabaki juani. Kabula alipoligusa, lilikuwa la moto.

"Mbona tunakaa hivi?" aliuliza.

"Baba yako ndiye aliyeniagiza," alijibu Masunga. "Nisimpite mkwe wake bila kumsalimia vizuri."

Waliporudi nyumbani, Kabula alieleza.

"Baba, hakuna jicho. Ni jua. Maziwa yakipata joto huchacha haraka. Tena dumu halisuguliki ndani, na mabaki ya jana huharibu maziwa ya leo. Tutumie chombo cha alumini chenye mfuniko. Tukifunike kwa gunia lililoloweshwa. Na Masunga asisimame njiani."

Mabula alishika kichwa. Jambo hilo lilimuuma kuliko maziwa kuchacha.

"Nimpite baba mkwe? Atasema nimemdharau!"

"Masunga atasimama akirudi, baba. Chombo kikiwa kitupu."

Mabula alifikiri sana. Mwishowe alimwita Masunga, akampa chombo kipya pamoja na ujumbe.

Asubuhi Masunga alimpita mzee Maduhu akipunga mkono tu. Mwanhuzi, Winnie aliyachemsha maziwa. Hayakukatika.

"Haya ndiyo maziwa!" alisema. "Kesho niongezee."

Akirudi, Masunga alisimama. Mzee Maduhu alikuwa amekunja uso.

"Asubuhi umenipita kama vile sipo!"

"Babu, Mabula kasema nikuambie hivi: maziwa yanachacha, salamu hazichachi."

Mzee alicheka mpaka akashika kiuno.

"Kaa basi, unywe uji. Sasa nafasi unayo."

Kesho yake, aliposikia pikipiki, mzee Maduhu alitoka mwenyewe mpaka barabarani.

"Pita, mjukuu wangu!" alipaza sauti. "Pita! Tutasalimiana ukirudi!"