Asumini ya Fundi Saa

"Umeamkaje, mke wangu?" fundi saa alisema asubuhi ile, kama kawaida yake. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliopita. Aliyesalimiwa ni asumini, mmea ambao marehemu aliuacha kwenye chungu dirishani. Saa za ukutani zilikuwa ishirini, na hata moja haikujua kuzungumza.

Kila upweke ulipomshika, fundi alishika jagi la maji akaumwagilia mmea. Na upweke ulimshika asubuhi, mchana na jioni. Basi majani yakageuka manjano, yakaanza kupukutika.

Akabeba chungu hadi kitalu cha miche, mtaa wa pili. Mama wa kitalu aliuchomoa mmea taratibu, akanusa udongo.

"Mzee wangu, mizizi imeoza. Umeizamisha."

"Niliogopa utakufa kwa kiu."

"Mizizi nayo hupumua. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole kwenye udongo. Ukikuta unyevu, acha."

"Sawa. Sasa uponye huu."

"Huu umekwisha, mzee wangu. Pole sana."

Fundi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alijiona amefiwa mara ya pili.

"Marehemu hakumgawia mtu tawi?" mama wa kitalu aliuliza.

"Aligawa, ila sijui kwa nani. Majirani walikuwa marafiki zake. Mimi niliwajua kwa saa zao tu."

"Basi itisha siku ya kubadilishana miche. Waambie leo, mkutane baada ya wiki sita. Wakate matawi sasa, wayaoteshe kwenye makopo yenye matundu chini. Tawi lisilo na mizizi ni kuni. Kila kopo liandikwe jina la mmea, na kama unapenda jua au kivuli. Wakague chini ya majani. Mche wenye wadudu ubaki nyumbani. Na milango ugonge mwenyewe. Kuuliza si ujinga."

Fundi aligonga milango kumi na mitatu. Kwenye mlango wa kwanza alisahau la kusema, akauliza kama saa yao bado inatembea.

Siku ilipofika, ua wake ulijaa watu na makopo. Kulikuwa na mchaichai, waridi na mshubiri. Fundi mwenyewe alikuwa ameotesha mnanaa. Aliyeleta mche mmoja alichagua mmoja. Fundi alizunguka meza mara mbili. Asumini haikuwepo. Alitabasamu na wageni, lakini alitamani waondoke.

Mshonaji wa nyumba ya mbele alifika wa mwisho. Kopo lake liliandikwa: "Asumini. Inapenda jua. Usimwagilie kila siku."

"Tawi nilipewa na mama wa nyumba hii," alisema. "Akaniambia, 'Mume wangu akiusogelea na jagi, mnyang'anye.'"

Fundi alicheka, kisha akalia mbele za watu, wala hakuona haya.

Aliuchukua mche, akampa mshonaji mnanaa. Kwa wiki mbili aliutenga peke yake, kama alivyoelekezwa na mama wa kitalu, asije akaingiza wadudu waliojificha. Nyumba ilikuwa kimya vilevile. Kila siku aliingiza kidole kwenye udongo, na siku nyingi aliondoka bila kumwagilia. Wiki ya tatu jani jipya likachomoza.

Mshonaji alipita kuutazama. "Umeshika, baba," alisema, akageuka kuondoka.

Fundi alivuta kiti ambacho hakikukaliwa na mtu mwaka mzima, akakipangusa kwa mkono.

"Kaa kidogo, mwanangu. Mama yako alikwambia nini kingine?"